IST, Forester, Hilux au Canter: lipi litakuumiza kidogo siku ya kuliuza?

Jumamosi moja mwaka juzi nilimsindikiza shemeji kwenda kuuza IST yake, kwenye gereji moja ya Tabata, Dar es Salaam. Mnunuzi alikuja na fundi wake, mzee mfupi mwenye tochi, na sharti lao lilikuwa moja tu: gari lisiwashwe kabla hawajafika. Fundi hakuanzia kwenye injini. Alifungua buti, akanyanyua zulia, akatoa tairi la akiba na kupapasa bati la chini kama mtu aliyeangusha sarafu gizani. Kisha akaja mbele, akamulika bolti za fenda moja moja. Ya kushoto ilikuwa imechubuka rangi.

"Hapa spana imepita."

Shemeji akaapa kwamba gari halijawahi kugongwa, fenda ilifunguliwa tu kubadilisha taa. Bolti ile ilimgharimu laki tatu. Lakini gari lilikuwa limetangazwa Alhamisi, na Jumamosi saa nane mchana pesa ilikuwa imeshaingia.

Mimi wakati huo nilikuwa na gari la Kijerumani. Silitaji jina, maana kosa lilikuwa langu. Lilikuwa zuri kuliko IST kwa kila kitu. Likakaa miezi minane likila vumbi, betri ikafa mara mbili, na mwisho nikaliachia kwa bei ambayo mke wangu mpaka leo haijui sawasawa.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue gari gani, namuuliza kwanza atamuuzia nani. Hapa nayaweka mezani magari manne ambayo watu huniuliza zaidi: Toyota IST, Subaru Forester, Toyota Hilux ya milango minne, na Mitsubishi Canter. Si ya daraja moja wala bei moja, najua. Ila mtu mwenye akiba au mkopo wa kazini hujikuta anachagua hivyo hivyo: ninunue cha kutembelea, au nijinyime nichukue cha kazi?

Tunapima kwa nini

Cha kwanza ni mnunuzi anayefuata. Ni nani, wako wangapi, na wanatembea na pesa taslimu au wanasubiri mkopo? Gari linalouzika ni lile ambalo watu wa aina nyingi wanalitaka kwa wakati mmoja.

Cha pili ni spea na fundi. Usiangalie Ilala na Kariakoo peke yake. Jiulize kama gari likizimikia Tunduma au Kasulu kuna mtu wa kulifungua bila kupiga simu Dar.

Cha tatu ni ushuru, kwa sababu ushuru ndio sakafu ya bei. Gari la kutembelea lililotumika likiingia Tanzania Bara hulipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: hakuna kwa injini isiyozidi cc 1,000, asilimia 5 kutoka hapo hadi cc 2,000, na asilimia 10 zaidi ya hapo. Likiwa na umri wa miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15. Likizidi miaka 10, asilimia 30. Na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya mlima huo wote. Anayetaka kununua gari lako mkononi ana njia nyingine ya kuagiza lake, na bei yake ya kuagiza ndiyo inayoshikilia bei yako isianguke. Shilingi ikishuka dhidi ya dola, sakafu hiyo inapanda. Mwaka 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300; Septemba 2024 ilikuwa imefika karibu 2,700. Kuna watu waliouza gari kwa bei ile ile waliyonunulia wakajiona wajanja. Kwa shilingi, ndiyo. Kwa dola, hapana.

Cha nne ni hasara kwa shilingi, si kwa asilimia. Nitalirudia hili chini, maana hapo ndipo watu wengi wanapotea.

Na cha tano ni siku. Bei nzuri inayopatikana baada ya miezi sita si bei nzuri kwa mtu mwenye ada ya shule Januari.

Toyota IST

*Mnunuzi anayefuata.* Kila mtu. Mwalimu anayenunua gari la kwanza, dereva wa teksi ya mtandaoni, mama wa nyumbani, kijana aliyepata kazi benki, dalali mwenyewe. Ukitangaza leo asubuhi, jioni simu yako haina chaji. Nusu ya watakaopiga ni wa "bei ya mwisho ngapi?" na hawatakuja, lakini nusu iliyobaki inatosha.

*Spea na fundi.* Kizazi cha kwanza kilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, kwa injini ya cc 1,300 au 1,500. Ile ya 1,500 ni 1NZ, ndugu wa injini iliyomo kwenye Probox, kwenye baadhi ya Vitz na kwenye Corolla kadhaa. Maana yake, injini nzima iliyotumika, gia boksi na hata mkono wa mlango vinapatikana karibu kila mji wenye duka la spea. Fundi aliyejifunzia chini ya mwembe anaijua.

*Ushuru na umri.* Hapa pana jambo wengi hawalioni. IST ilikoma kutengenezwa 2016. Hakuna IST changa tena duniani. Zinazoingia sasa zote zinabeba nyongeza ya uchakavu. Mjapani mwenyewe anaiuza rahisi kwa sababu kwao gari likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka inapanda, na kila miaka miwili kuna ukaguzi unaogharimu. Kwa hiyo kwao ni mzigo, kwetu ni mali. Ila kadri miaka inavyokwenda zilizo safi zinapungua, na bei ya IST imeanza kugawanyika: nzuri zinang'ang'ania juu, zilizochoka zinaporomoka kabisa.

*Kinachoshusha bei.* Kurudiwa rangi, kwanza. Tangazo likisema "rangi ya kiwandani" mtu anakuja na sumaku kuhakikisha. Pili, historia ya teksi: usukani uliong'aa kwa kushikwa na kiti cha dereva kilichobonyea upande mmoja vinasema vyote. Mtungi wa gesi ya kuendeshea gari, ukifungwa kwenye buti, una pande mbili. Dereva wa biashara atakushukuru, mwenye familia atauliza begi litakaa wapi.

*Inamfaa nani.* Mwenye mtaji mdogo asiyeweza kusubiri siku ya kuuza. Asiyefaa ni anayekwenda kijijini kila mwezi kwenye barabara ya makorongo. Chini ya gari patamsimulia mnunuzi safari zote.

Subaru Forester

*Mnunuzi anayefuata.* Wachache kuliko wa IST, lakini wana mapenzi. Mtu wa Subaru haulizi X-Trail, haulizi RAV4. Anataka Subaru, na akikuta iliyotunzwa hatakusumbua sana bei. Shida ni kumpata. Hesabu wiki, si siku.

*Spea na fundi.* Injini yake ina silinda zilizolala ubavu, mbili kila upande, na magurudumu yote manne yanavuta muda wote. Ni raha barabarani na ni kazi gereji. Mafundi wa Subaru wapo, wazuri tu, ila wana majina. Si kila fundi wa Toyota ukampa. Kizazi cha 2002 hadi 2007 kinatumia mkanda wa taimingi ambao ukipitwa na muda wake unaweza kukuachia injini ya kutupa. Kizazi kilichoanza mwishoni mwa 2012 kinatumia cheni, lakini nyingi zake zina gia ya CVT, otomatiki isiyo na hatua za kupanda na kushuka, ambayo mnunuzi mwoga ataiogopa hata kama ni nzima.

*Ushuru na umri.* Injini ya lita mbili ina cc zisizofika 2,000, basi iko kwenye asilimia 5. Ukilinganisha na Harrier ya 2,400 inayoingia kwenye asilimia 10, utaona kwa nini bei zao haziendi sambamba hata zikiwa na umri mmoja.

*Kinachoshusha bei.* Turbo yenye historia isiyojulikana, na mapambo. Vijana hushusha gari chini, hubadilisha egzosi ingurume mtaa mzima, huweka rimu za inchi 18. Kila unachoongeza kinapunguza idadi ya watu watakaolitaka. Hiyo milioni mbili ya rimu hairudi, amini.

*Inamfaa nani.* Anayependa kuendesha, anayekwenda Lushoto au Mbeya mara kwa mara, na mwenye daftari la matengenezo. Kwenye gari hili risiti za fundi ni pesa. Kwenye IST hakuna anayeziuliza.

Toyota Hilux ya milango minne

*Mnunuzi anayefuata.* Mkandarasi, mkulima mkubwa, mchimbaji wa Geita au Chunya, shirika, mfanyabiashara wa mikoani. Wanunuzi hawa si wengi kama wa IST, lakini wana kitu ambacho wa IST hana: gari kwao ni chombo cha kuingizia pesa, na kazi haisubiri.

*Ushuru, na kwa nini haishuki.* Nalitanguliza kwa sababu hapa ndipo siri ilipo. Kuanzia 2004 hadi 2017 Toyota haikuuza Hilux ndani ya Japani. Vitz na IST zinaletwa na meli kwa maelfu kutoka minada ya Kijapani. Vigo na Revo, matoleo ya Hilux ya miaka hiyo, hazikuwemo kwenye mkondo huo. Zilizopo nchini zilitoka Thailand au Afrika Kusini, kwa wakala zikiwa mpya, au mkononi kutoka Thailand, ambako nako wanaendesha upande wa kushoto kama sisi. Mlango wa kuingilia ni mwembamba na wanaotaka kuingia ni wengi. Ndiyo maana Hilux ya miaka kumi inaweza kukupa bei ya kukushangaza. Sifa ya kutokufa ni kweli, lakini uchache ndio unaoshika bei.

*Spea na fundi.* Zipo kila mahali, ila si rahisi. Nozeli za injini yake ya dizeli, D-4D, si za bei ya nyanya, na mnunuzi mwenye akili atakuja na mtu wa kuzipima. Jihadhari na spea feki. Hilux ndilo gari ambalo kila mtu anatengeneza spea zake.

*Kinachoshusha bei.* Chesisi iliyochomelewa. Hapo hakuna mjadala, mnunuzi anafunga mlango na kuondoka. Kingine ni injini iliyobadilishwa bila kadi kurekebishwa: namba zikipishana, uhamisho wa umiliki unakwama TRA, mamlaka ya mapato. Zile zilizotoka mnada wa serikali au mgodini zina bei yake ya chini, nayo ni ya haki, kwa sababu hujui dereva wangapi wamezipitia. Bodi iliyobeba mawe nayo inajulikana, weka zulia la plastiki utakavyo.

*Inamfaa nani.* Anayeitumia kuzalisha. Ukiinunua kwa ajili ya kwenda nayo ofisini Posta na kanisani Jumapili, umefungia mtaji mkubwa kwenye maegesho, na bima kubwa, inayotozwa kwa asilimia ya thamani ya gari, inakungoja kila mwaka.

Mitsubishi Canter

*Mnunuzi anayefuata.* Haiuzwi kama gari, inauzwa kama duka. Mnunuzi haulizi imetembea kilomita ngapi. Anauliza ina kazi gani sasa hivi, inabeba tani ngapi, na dereva wake analipwaje. Ukiuza Canter ikiwa na kazi ya kudumu, tuseme inapeleka soda au saruji kwa mtu anayejulikana, unauza na kazi yake. Ukiiuza ikiwa imelala, unauza chuma.

*Spea na fundi.* Zile za zamani zenye injini kama 4D33 au 4M51, pampu ya kawaida isiyo na mambo ya umeme, zina soko lake la peke yake. Kijana wa Makambako anaifungua na kuifunga kabla ya chakula cha jioni. Zilizokuja baadaye zina injini ndogo ya lita tatu inayoongozwa na kompyuta. Zinakula mafuta vizuri zaidi, lakini mnunuzi wa mikoani huzitazama kwa jicho la pembeni. Hapa uzee unaweza kuwa faida, jambo ambalo kwenye gari la kutembelea halipo.

*Ushuru na umri.* Hesabu za gari la kutembelea nilizotoa juu hazihusu magari ya mizigo. Mwombe wakala wa forodha akupigie hesabu ya Canter peke yake. Namba ya usajili, kama ni C au D au E, inajali kidogo sana huku. Kwenye IST "namba E", yaani lililosajiliwa karibuni, ni sifa ya kuandikwa mwanzo wa tangazo.

*Kinachoshusha bei.* Matairi. Canter yenye mapacha nyuma ina matairi sita, na mnunuzi atayahesabu moja moja na kukata bei kwa kila lililokwisha. Halafu springi zilizolala, chesisi yenye ufa karibu na mahali springi zinaposhika, na madeni ya faini za trafiki, ambayo kwa gari la mizigo huwa marefu kama orodha ya harusi.

*Msimu.* Hili haliko kwa wengine. Mavuno ya mahindi yakianza nyanda za juu kusini, kuanzia Juni na kuendelea, kila mtu anatafuta cha kubebea. Ukiuza Februari mvua ikinyesha na barabara za vumbi zimekuwa tope, utajuta.

*Inamfaa nani.* Mwenye biashara au anayeijua barabara. Mfanyakazi wa ofisini anayempa mpwa wake aendeshe "atamletea hesabu" atauza Canter ndani ya mwaka, na atakuwa anauza mabaki.

Asilimia inadanganya

Chukua mfano tu, si bei ya soko la leo. Umenunua IST kwa milioni 13, ukaiuza baada ya miaka mitatu kwa milioni 9. Mwenzako kanunua Hilux kwa milioni 75, kaiuza baada ya miaka hiyo hiyo kwa milioni 62. Wewe umepoteza karibu asilimia 31, yeye asilimia 17. Kijiweni atakucheka. Lakini wewe umepoteza milioni 4, sawa na kama 111,000 kwa mwezi. Yeye kapoteza milioni 13, zaidi ya 360,000 kwa mwezi, na hapo hatujagusa bima, matairi wala faida ambayo milioni 62 za tofauti zingempa kama zingekuwa kwenye biashara.

Mcheke tu na wewe, kama Hilux yake haifanyi kazi. Kama inamwingizia milioni kwa mwezi, basi ni yeye wa kucheka.

Yaliyobaki nje ya orodha

Land Cruiser zile ngumu, mkonga, ziko kwenye dunia yao. Kampuni za utalii za Arusha huzirefusha bodi na kuzipeleka Serengeti, na injini ya 1HZ ya lita 4.2 bado inaheshimiwa kama mzee wa ukoo. Ukiwa na ya kuuza, huhitaji makala hii.

Kwa aliye Kenya mambo yanabadilika kidogo. Kule gari lililozidi miaka minane haliingii kabisa, na kila Januari mstari unasogea mwaka mmoja mbele. Mwaka 2025 ulikuwa 2018. Maana yake tangu 2024 hakuna IST inayoweza kuagizwa Kenya, hata moja. Zilizopo ndizo hizo, na mwenye safi asiwe na haraka ya kukubali bei ya kwanza. Upande wa mizigo, Isuzu zinazounganishwa Nairobi zimeshika nafasi kubwa, kwa hiyo niliyosema kuhusu Canter yapime na lori la Isuzu NQR la jirani yako kabla hujaamua.

Ukiwa na hali hii, fikiria hivi

Ukijua utauza ndani ya mwaka mmoja, labda unahama au unasubiri kiwanja, nenda IST, tena nunua iliyokwisha kutembea nchini. Ile "haijatembea Bongo" unailipia cheo ambacho wewe mwenyewe utakivua.

Ukiwa na familia, safari ndefu na moyo wa kulitunza gari miaka mitano, Forester isiyo na turbo, rangi nyeupe au silva, ambayo hakuna kijana aliyeigusa. Tunza risiti kuanzia siku ya kwanza.

Ukiwa na shamba, zabuni au mradi unaolipa, Hilux, hata ikibidi kuchukua Vigo ya zamani yenye chesisi safi badala ya Revo yenye historia ya mgodi. Ukiwa huna kazi ya kuipa, subiri.

Ukiwa na mzigo wako mwenyewe wa kubeba, Canter. Ukiwa huna mzigo ila una mtaji mdogo, angalia kirikuu kwanza. Suzuki Carry inauzika haraka na ikikushinda haikuzamishi.

Na ukiwa umeshanunua, lolote lile, usibadilishe taa bila kupaka rangi ile bolti.